Nimewaambia wenzangu wa sekondari nina kampuni, kumbe nina banda la chakula

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Morogoro. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sina nafasi, na kwa sababu jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu wa hapa nyumbani.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1995 katika shule ya bweni ya wasichana. Mwaka huu tunatimiza miaka 30, na wenzangu wamefungua kundi la WhatsApp. Tuko 63. Mwanzoni nilifurahi mno. Watu wakawa wanatuma picha za zamani, tukakumbushana prepo za taa ya kandili umeme ukikatika, tukamkumbuka matroni aliyejua mwendo wa kila mmoja wetu gizani. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu mwenyekiti akaleta utaratibu: kila mtu ajitambulishe, aseme yuko wapi, anafanya kazi gani, ana watoto wangapi.

Mwalimu, nilisoma majibu yale siku mbili bila kuandika kitu. Mmoja ni daktari wa watoto. Mmoja hakimu. Wawili ni wakuu wa shule. Yupo wa benki, yupo wa halmashauri, yupo Muscat na mumewe, yupo Marekani anahudumia wazee. Na wengi wao, nisamehe kwa kusema hivi, ndio waliokuwa wakija kitandani kwangu usiku na madaftari ya hesabu. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja miaka minne sasa ni mhasibu wa shirika. Hesabu nilimfundisha mimi.

Zamu yangu ilipofika niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikatuma: "Niko Morogoro, nina kampuni ya huduma za chakula, nimeolewa, watoto watatu." Wakanishangilia wote.

Ukweli ni kwamba nina banda la mabati karibu na stendi ya Msamvu. Meza tatu, mabenchi, majiko mawili ya mkaa na moja la kuni. Siku nzuri nauza sahani 70. Nina wasichana wawili wa kunisaidia, na wateja wangu ni wapiga debe, madereva, abiria, na vijana wa chuo kikuu cha SUA wakisubiri mabasi ya kwenda kwao.

Mwaka 1996 matokeo yalipotoka nilikuwa na Divisheni ya Kwanza, pointi 16. Nikachaguliwa kidato cha tano, PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Ilikuja barua yenye orodha ya vitu vya kwenda navyo: godoro, shuka mbili, ndoo, jembe, fyekeo, ada. Mwaka huohuo kiwanda alichofanya kazi baba kule Kihonda kilipunguza watu, naye akawemo. Mafao hayakuja kwa wakati. Nyuma yangu walikuwepo wadogo watatu. Baba akaniambia, "Subiri mwaka mmoja tu, mwakani utakwenda." Mama alikuwa anakaanga vitumbua, nikaanza kumsaidia. Mwakani haukufika. Wadogo zangu nimewasomesha wote mpaka walipoishia: mmoja muuguzi, mmoja mwalimu, wa mwisho anaendesha bodaboda kwa hiari yake. Sijutii hilo. Lakini usiku kama huu najiuliza ni nani yule aliyekuwa aende na hilo godoro.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Miaka miwili iliyopita yule rafiki wa dawati moja alishuka kwenye basi pale stendi, akaja bandani kwangu. Nilimtambua kabla hajakaa. Hakunitambua. Akanawa mikono, akala wali maharage, akasema, "Dada, niongezee mchuzi kidogo." Nikamwongezea. Alinipa noti ya elfu tano, nikamrudishia 2,500, vidole vyake vikagusa vyangu. Akaondoka. Sikusema neno. Niliingia nyuma ya banda nikakaa juu ya gunia la mkaa mpaka msichana wangu akaja kuniita.

Sasa kamati imeamua tukutane Morogoro mwezi wa kumi na mbili, kwa kuwa ni katikati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kwa kuwa "mwenzetu mwenye kampuni ya chakula yupo hapo, tumuungishe." Watu 80 pamoja na wenza wao. Wanataka profoma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, yenye nembo na TIN, namba ya mlipakodi. Mhazini anapita hapa Jumamosi ya wiki ijayo, aone ofisi yangu na kuacha malipo ya awali. Mhazini ndiye yule rafiki yangu.

Mpwa wangu amenitengenezea karatasi yenye jina la kampuni, na muhuri anasema utakuwa tayari Alhamisi. Kuna mama mwenye ofisi ya steshenari, yuko tayari kunipa chumba kwa siku moja. Wazo lingine ni kusema nimepata msiba Kilosa, nijitoe kwenye kundi, yaishe.

Na binti yangu wa mwisho yuko kidato cha nne, anafanya mtihani Novemba. Mwezi wa tatu aliniuliza, "Mama, kwani wewe ulifeli nini?" Nikamjibu nilifeli hesabu, nikaendelea kuchambua mchele. Siku hizi akipata sifuri ya hesabu anasema kwetu haimo kwenye damu.

Mwalimu, nifanye nini Jumamosi? Na je, maisha yangu niliyapoteza?

Ni mimi, mama lishe, Morogoro.

MWALIMU ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitaanza na Jumamosi kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi, ingawa siyo jambo kubwa kuliko yote uliyoniandikia.

Muhuri ule usiuchukue. Mwambie mpwa wako ausimamishe leo, na kama umeshachongwa, mlipe fundi wake uharibiwe. Sentensi uliyoandika kwenye kundi ilitoka kwa mtu aliyeogopa, na watu wazima wengi wameandika sentensi kama hiyo. Karatasi yenye nembo ya kampuni isiyokuwepo, muhuri juu yake na fedha za watu mkononi ni jambo jingine kabisa. Hapo unatoka kwenye aibu unaingia kwenye kesi. Chumba cha steshenari nacho hivyohivyo. Umefanya kazi kwa jasho halali miaka yote hii, usiiweke rehani kwa ajili ya asubuhi moja.

Na msiba usiuzushe. Wenzako ni Watanzania: ukisema umefiwa watachanga, watatuma mwakilishi, na mwakilishi atafika Kilosa akiulizia matanga. Utajikuta unamzika mtu aliye hai.

Mpigie simu mhazini wako. Mpigie, usimwandikie, na wala usipitie kwenye kundi. Fanya hivyo kabla ya Jumatano ili awe na muda wa kulipokea jambo hilo kabla hamjaonana. Huna haja ya kumweleza historia yote. Sema: "Rafiki yangu, pale kwenye kundi niliandika kampuni. Sina kampuni, nina banda la chakula Msamvu, napika mwenyewe. Niliona haya mbele yenu. Jumamosi njoo ule kwangu." Kisha nyamaza, mwache aseme. Habari ya ile siku ya mchuzi mwambie mkishaonana, akiwa amekaa kwenye benchi lilelile, kama moyo wako utakuruhusu. Usimpe kama lawama. Mwanamke aliyeshuka kwenye basi ana njaa, mbele yake kuna mama aliyejifunga kanga kichwani na moshi unamwingia machoni, miaka 28 baada ya shule: si ajabu kutomtambua. Wewe ulimtambua kwa sababu kila siku unamsubiri.

Katika kundi utasahihisha neno moja tu, siku utakayokuwa tayari. Andika kwamba unapika Msamvu na atakayepita njia hiyo karibu. Basi. Watu 62 hawana haki ya kudai toba yako. Na kama mmoja wao atakucheka, naye utakuwa umemjua.

Kuhusu tenda yenyewe, nitakuambia ninavyofikiri, nawe utapima. Mtu anayeuza sahani 70 kwa siku kwa majiko matatu, akijua mchele unaingia saa ngapi na nyama inatoka saa ngapi, anaweza kulisha watu 80. Hesabu za sufuria unazijua kuliko mimi. Kwa hiyo kazi ichukue, ila kwa jina lako la kweli. TIN inatolewa na mamlaka ya mapato, TRA, bure. Kama unataka jina la kuweka kwenye karatasi, BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wanasajili majina ya biashara, na jina la biashara mtu mmoja anaweza kulimiliki. Kampuni ni kitu kingine, ina hisa na wakurugenzi, nawe huihitaji kwa sasa. Profoma unaweza kuiandika kwenye karatasi nyeupe: chakula gani, bei kwa sahani, vyombo ni vya nani, usafiri nani analipa, nusu ya fedha inalipwa lini. Hakikisha na wasichana wako vipimo vyao vya afya havijapitwa na wakati, maana ukumbi unaweza kuulizia.

Nina sharti moja, na hapa nakuomba unisikilize kama mzazi. Siku ya sherehe usiwe jikoni. Pika usiku wa kuamkia, onja, panga, kisha wakabidhi wasichana wako na mtu mwingine wa kusimamia, uoge, uvae, ukae mezani na wenzako. Kama huwezi kupata wa kukusimamia, basi tenda iache na uende kama mgeni. Ukija na eproni utazunguka na hotpoti siku nzima, watakushukuru, watakusifia pilau, nawe utarudi nyumbani hujakaa na mtu hata mmoja. Ulikosa kuketi nao kidato cha tano. Desemba uketi.

Sasa swali lako la pili, kama maisha uliyapoteza.

Nilifundisha sekondari miaka 34, na karibu nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu wa taaluma. Kila mwaka tulipokea orodha ya wasichana waliochaguliwa kuja kidato cha tano kwetu. Wanaripoti, tunaweka tiki. Wasioripoti tunawasubiri wiki, wiki mbili. Baadaye nilikuwa nachukua rula na kalamu nyekundu, napiga mstari juu ya jina, pembeni naandika "hajaripoti", na nafasi anapewa mwingine. Mistari hiyo nimeipiga mingi. Sikumbuki hata siku moja tulipokaa katika chumba kile cha walimu tukaulizana: huyu mtoto mwenye pointi 16 yuko wapi? Tulisema ameolewa, tukaendelea na ratiba. Ni barua yako iliyonifanya nikae na kufikiri kwamba wengine walikuwa wanakaanga vitumbua ili wadogo zao waende shule. Nakuomba radhi, mwanangu, kwa upande wangu wa kalamu ile.

Kwa hiyo sitakupa maneno ya kukubembeleza. Kuna kitu ulinyang'anywa. Ulikuwa na kichwa cha PCB katika miaka ambayo nafasi za kidato cha tano zilikuwa chache nchi nzima, na za wasichana chache zaidi, na uliipata moja kwa akili yako. Ubinafsishaji ulipofika kwenye viwanda vya Morogoro ulifika mpaka kwenye godoro lako. Unapokaa usiku na kumwaza yule msichana, hulii upuuzi. Mlilie. Mtu husema "kila kitu Mungu amepanga" upesi mno, kabla mwenzake hajamaliza kusikitika, nami sitaki kufanya hivyo.

Lakini aibu yako umeiweka mahali pasipo pake. Unaona haya mbele ya daktari na hakimu kana kwamba mlikimbia mbio moja wakakushinda. Hamkukimbia mbio moja. Wao walikwenda na godoro, wewe ulibaki na nyumba nzima mgongoni ukiwa na miaka 18. Muuguzi mmoja na mwalimu mmoja wa nchi hii wamepita kwenye sufuria yako. Hakimu hana sababu ya kukuuliza ulikuwa wapi. Swali hilo tulipaswa kuliuliza sisi walimu, na hatukuliuliza.

Udaktari umekupita, hilo nakuambia wazi. Kusoma hakujakupita. Matokeo yako ya 1995 hayajaisha muda. Mtu mwenye angalau krediti tatu za kidato cha nne anaweza kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa pointi 16 krediti unazo za kutosha. Sayansi itakusumbua kwa sababu ya vitendo vya maabara, masomo ya sanaa ni mepesi zaidi kwa mtu anayesoma nje ya shule. Kama cheti chenyewe hukukichukua, na wasichana wengi hawakuvichukua, anzia shuleni. Au kama moyo uko kwenye upishi, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia ujuzi kazini: unapika mbele yao, wanaangalia unachojua, wanakujaza palipopungua, unapata cheti. Na ukiwa na kina mama wenzako pale stendi mnaweza kujiunga kikundi mkaomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni ya wanawake. Hiyo ni ya mwakani. Sikupi kazi mpya juu ya nyingine. Nakuonyesha milango tu.

Nimeacha kwa makusudi jambo linaloniuma zaidi katika barua yako. Kurasa zote zimejaa Jumamosi, na neno la binti yako umelipitisha mwishoni ukichambua mchele.

Ulimwambia ulifeli hesabu. Wewe uliyekuwa unafuatwa na madaftari usiku! Uongo wa kampuni umewafikia watu 62 wanaoishi maisha yao, kesho watausahau. Huu wa pili umemfikia mtoto mmoja anayeishi nyumbani kwako, naye ameuamini, na sasa akiona swali la matriksi anaweka kalamu chini kwa kuwa mama yake alishamwambia damu yao haina hesabu. Nimeona mamia ya wasichana wakianguka hesabu ya kidato cha nne, na mara nyingi mambo yalianza hivi, kwa mtu wanayempenda kuwaambia bila kukusudia kwamba hawataweza.

Naelewa kwa nini ulisema vile. Kusema "nilifaulu nikakosa ada" kungeleta swali la pili, kisha la tatu, na babu yake angeingia humo, na ungeweza kulia mbele ya mtoto. Kusema "nilifeli" kulifunga mlango upesi.

Ufungue usiku wa leo, kabla ya simu ya mhazini na kabla ya kitu kingine chochote. Mkishakula na mumeo akiwepo, itoe ile barua ya kidato cha tano. Hukuniambia kama unayo, lakini mtu anayekumbuka jembe na fyekeo baada ya miaka 29 barua anayo, iko chini ya vitenge. Mpe aisome mwenyewe. Atakapofika palipoandikwa PCB atainua macho, usikimbilie kueleza. Muda utakuwepo. Baadaye mwambie alete daftari lake la hesabu na mtihani wa mwisho alioshindwa, mkae wote wawili mezani, uone kama mkono bado unakumbuka. Anza na logi au vekta, chochote ulichokipenda. Ukikwama, kwama mbele yake, mtafute kwenye kitabu pamoja. Mpaka Novemba mna wiki za kutosha kwa nusu saa kila usiku, baada ya kuloweka maharage.

Na hiyo barua usiirudishe kwenye mikunjo yake ya zamani, karatasi ya umri huo hukatika. Ilaze kwenye faili la plastiki. Yule mama wa steshenari aliyetaka kukupa chumba, mwombe akutolee kopi mbili, moja ya binti, moja uje nayo Desemba.

Mwalimu wako.